Maji ya Samaki Usiguse

Baba Benter,

Chai iko kwenye thamosi. Maji ya samaki usiguse. Ile chuma ya kuchemshia maji ya kuoga, uliyowatumbukizia ati wasife na baridi ya Nyeri, imewaua wote. Kidole changu kiligusa maji kidogo tu, nikarushwa mpaka kwenye kabati. Swichi nimezima kwa mti wa ufagio. Usiiwashe tena, hata kujaribu.

~~Ukiwasha, mimi na mtoto tunarudi kwetu.~~ Tutaongea jioni.

Benter nimeenda naye kazini, sitamwacha humo. Asubuhi nilimkuta amepanda stuli, amekunja mkono wa sweta. Nikamvuta. Akasema, “Mama, samaki wamelala, wacha niwaamshe.”

Mama Benter