Kabla Hamjafika Sura ya Tatu

Mdogo wangu Chiriku,

Kuna jambo nimekuficha miaka arobaini na sita. Naliandika leo kwa sababu mkono bado unashika kalamu, na kwa sababu mjukuu wako ameniambia mmeshafika sura ya pili.

Salamu kwanza, usije ukasema uzee umeniondolea adabu. Hujambo? Goti linasemaje? Mimi kifua ni kilekile. Daktari siku hizi ananiongelesha kwa upole mno, nami nimeelewa. Muuguzi ananihimiza nipumzike. Nimemwambia nitapumzika sana tu, asiwe na haraka.

Mjukuu wako alikuja Jumamosi na daftari. Shuleni wamepewa swali kuhusu riwaya yangu: mabadiliko ya mandhari yanambadilishaje mhusika mkuu? Nikamjibu kama nilivyowajibu walimu miaka yote, kwamba aangalie vyumba. Binti anaanza kwenye kijichumba chini ya ngazi, kwa fundi cherehani. Dari imeinama, naye anajifunza kuinama. Halafu anaingia chumba cha kufulia cha hoteli, mashine zinanguruma, anajifunza kupayuka na kucheka kwa sauti. Mwisho anaolewa katika nyumba ambayo dirisha lake linatazama ukuta, na humo ananyamaza.

Akaandika yote. Kisha akaniuliza, huku anacheka, nilijuaje habari ya kitambaa. Alikuwa ameruka mbele peke yake mpaka sura ya tatu, pale binti anapozungushia mifuniko ya sufuria kitambaa isigonge, mume asije akakasirika. Akasema bibi anafanya vivyo hivyo mpaka leo, na wakimtania anajibu kwamba hiyo ni siri yake. Eti aliwahi kumwandikia mtu mmoja tu, na barua ikapotea.

Nilijifanya nakohoa. Akakimbia kuniletea maji, maskini.

Yeye hajang'amua. Wewe utang'amua papo hapo. Miaka yote ulisema macho hayakuruhusu kusoma kitabu cha kaka yako, nami nikayashukuru macho yako, Mungu anisamehe. Sasa anakusomea yeye, kurasa kumi kila siku akitoka shule. Nimehesabu na kurudia kuhesabu: Alhamisi mtafika. Mlango ukigongwa nashtuka, nikidhani ni wewe. Muuguzi ameapa atakuletea barua hii mwenyewe kesho. Nimemuuliza mara nne kama anaijua nyumba yako, mpaka amenuna.

Unakumbuka siku uliporudi, na kisanduku kimoja na sikio la kushoto lisilosikia tena? Nilikuambia sikupata barua yako hata moja tangu uondoke nyumbani. Wewe ndiye ukanifariji. Ulisema, kaka, posta yenyewe si unaijua, usijilaumu. Ukanikatia na kipande cha mkate. Nikala.

Zilifika, Chiriku. Zote kumi na moja, zimo katika mkoba wa kahawia chini ya kitanda hiki, na muuguzi atakuletea pamoja na hii. Ngazi, mvuke, ukuta, kitambaa: sikubuni kitu. Ile ya mwisho ulisema nije nikuchukue, hata kesho, kwa kuwa umeanza kuisahau sauti yako mwenyewe. Ulingoja miaka miwili, kisha ukatoka peke yako.

Mwambie mjukuu wetu alifute jibu nililompa. Wasalimie wote nyumbani, na goti ulikande kwa maji ya moto.

Nilikuwa na nauli. Nilikuwa na likizo. Tiketi niliikata, nikafika stendi, nikalitazama basi likiondoka. Sikuwa mgonjwa, wala sikumwogopa mumeo. Nilikuwa nimeandika nusu ya sura ya tatu, nami nilitaka kujua nyumba ile itakufanya nini ukiendelea kukaa.

Kaka yako