Pearl Haongei

Nkubu, Meru
16 Februari 2014

Kwako Baba Pearl,

Pokea salamu za watu wote wa nyumba hii. Mimi sijambo, mtoto ananyonya vizuri na ameanza kushika kidole cha mtu na kukataa kukiachilia. Mama magoti yanamsumbua kwa sababu ya baridi. Wewe je, ile homa iliisha? Unakula chakula cha kupikwa, au ni mkate na chai tu?

Utashangaa kuniona nikiandika na simu tunazo. Nimekatazwa kuzungumzia habari za Pearl kwenye simu akiwa karibu, na nyumba ya mama unaijua, hakuna pembe ambayo mtoto hasikii. Aliyenikataza ni kaunsela wa watoto, anaitwa Serah, yuko kwenye zahanati ya kanisa hapa mjini. Barua nitakuwa nampa Ronald, yule dereva wa lori la viazi, maana anakuja Juba kila baada ya wiki mbili.

Alhamisi nilimpeleka Pearl. Nianze na kosa langu. Nilimwambia tunaenda kununua viatu. Tulipofika akaona chumba kisicho na viatu na mwanamke asiyemjua, akaushika mlango kwa mikono miwili. Serah akaniuliza mbele yake, "Ulimwambia mnakuja wapi?" Nikajibu kwa aibu. Basi akachuchumaa mbele ya mtoto, akamwambia, "Mama hakusema kweli. Mimi siuzi viatu. Naitwa Serah. Watoto waliopatwa na jambo zito huja hapa tukacheza, na anayetaka kuongea anaongea. Sina sindano. Leo ukitaka unaweza kurudi nyumbani."

Tukarudi nyumbani. Nilikuwa nimeamka alfajiri, nimembeba mtoto mchanga mgongoni, kwa ajili ya dakika kumi.

Ameniambia ni kazi ya miezi, si ya wiki. Ameniambia mtoto anaweza kuharibika zaidi kabla hajatengenea, nisishtuke. Nisimhoji njiani alichofanya ndani. Na ameniuliza mara mbili kilichotokea Juba mwezi wa Desemba. Nilimweleza ulivyonieleza, maana mimi nilikuwa huku kwa mama nikisubiri kujifungua: kwamba mlilala sakafuni siku mbili, milio ikapita, mkaenda uwanja wa ndege. Akasema, "Ni hayo tu?" Nikasema ni hayo tu. Si ndiyo?

Mkeo,
Mama Pearl


Gudele, Juba
2 Machi 2014

Mama Pearl mpenzi,

Barua yako nimeipata, Ronald ameileta hadi kwenye geti la hoteli yetu. Nafurahi mtoto wetu ana nguvu za mikono. Msalimie mama, mwambie ajifunge magoti kwa kitambaa cha sufu. Homa iliisha. Nakula kisra, ile mikate yao myembamba ya mtama, kwa yule mama wa karibu na kituo cha basi, nimeizoea sasa.

Huku watu wanasema hali imetulia, halafu usiku unasikia upande wa kambi ya jeshi ya Bilpam kama mtu anapiga mabati, na asubuhi hakuna anayelitaja jambo hilo. Nikikumbuka tulivyoingia mji huu mwaka ule wa uhuru, Pearl mabegani mwangu akipunga kibendera, naona kama ulikuwa mji mwingine.

Lakini huyo kaunsela sijamwelewa. Mimi ni fundi wa jenereta. Nikiitwa nafungua, natafuta kasoro, jioni taa zinawaka. Nikimwambia meneja kwamba inaweza kuharibika zaidi kabla ya kutengenea, atanifukuza siku hiyo hiyo. Miezi ya kucheza? Pearl ana miaka saba na tangu Desemba hajatamka neno. Darasa la pili linamngoja. Nikipiga simu unamwekea sikioni nasikia anavuta pumzi tu.

Nataka baada ya kila kikao huyo mwanamke akuandikie alichogundua, nawe uniletee. Mimi ndiye baba. Tena mwambie Pearl akisema neno moja tu, hata jina lake, nitamnunulia baiskeli nyekundu. Watoto ni wa kubembelezwa.

Kuhusu Desemba, niliyokwambia ndiyo hayo.

Mumeo,
Baba Pearl


Nkubu
30 Machi 2014

Baba Pearl,

Habari za kazi na za afya? Sisi tunaamka, tunashukuru, ingawa barua hii sitaijaza mazuri.

Baiskeli nilimwahidi kama ulivyotaka. Alinitazama muda mrefu, kisha akaenda kukaa nyuma ya tangi la maji mpaka jua likazama. Tangu siku hiyo anakojoa kitandani, jambo aliloacha akiwa na miaka mitatu. Serah alipojua alikasirika, ingawa hapandishi sauti. Alisema, "Mnamtaka anunue baiskeli kwa kitu ambacho hawezi kukitoa." Nikajitetea kwamba ni baba yake aliyesema. Akasema, "Basi mwambie baba yake."

Kuhusu ripoti amekataa. Anasema yaliyo ndani ya chumba ni ya Pearl. Kama kuna hatari atanieleza, na kama kuna kitu natakiwa kufanya nyumbani atanifundisha, zaidi ya hapo hapana, la sivyo mtoto atajua anapelelezwa. Nilitoka pale nimefura. Njia nzima nilijiuliza kama ningempeleka kwa mchungaji tu kama mama anavyotaka.

Halafu Jumatatu lilitokea hili. Nilikuwa nje naanika nguo. Mtoto analia ndani, kilio cha kawaida cha njaa. Jirani akaja akabisha hodi mlango wa mbele, akagonga kwa nguvu kwa sababu mama ni mgumu wa kusikia. Kilio kikakatika ghafla. Nilidhani mama amembeba. Nilipoingia nilimkuta Pearl chini ya kitanda, amemkumbatia ndugu yake kifuani, kiganja kimembana mdomo na pua. Mtoto alikuwa amebadilika rangi. Baba Pearl, midomo yake ilikuwa kama majivu.

Nilimnyang'anya. Nikampiga Pearl kofi, ndiyo, nilimpiga. Hakulia. Aliendelea kutazama mlango.

Mtoto alipata pumzi tena, ananyonya, amepimwa, hana neno. Lakini nilipomweleza Serah, akaniuliza swali moja nami nakuuliza wewe: nani alimziba Pearl mdomo?

Mama Pearl


Nkubu
27 Aprili 2014

Baba Pearl,

Natumaini u mzima. Ronald amekuja mara mbili, mikono mitupu. Anasema alikuona, ukamwambia hujapata nafasi ya kuandika. Kwenye simu unaniuliza habari za mvua.

Vikao vimefika tisa. Sasa Pearl anakubali mlango ufungwe. Hayo ndiyo maendeleo niliyo nayo. Simwachi peke yake na mtoto hata nikienda chooni.

Sikuulizi tena kwa hasira. Serah amesema mzazi akileta mtoto kwake lazima alete na habari nzima, kwa sababu bila hiyo yeye anapapasa gizani na mtoto anabaki peke yake na siri. Mimi sina habari hiyo. Unayo wewe.

Mama Pearl


Gudele, Juba
11 Mei 2014

Mama Pearl,

Sijui nianze na salamu gani. Mimi mzima wa mwili. Nimesoma barua yako ya kofi mara nyingi na nikaona heri ningepigwa mimi.

Unamkumbuka Nyaluak, rafiki yake Pearl wa nyumba ya pili, na mama yake aliyekuwa akitusukia mikeka. Ile Jumatatu ya Desemba wenye bunduki walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba mtaani kwetu, wakiuliza watu lugha zao, wakiwatafuta watu wa kabila la kina Nyaluak. Mimi na Pearl tulikuwa chini ya kitanda. Mara mlango ukagongwa. Ilikuwa Mama Nyaluak. Alikuwa anaita kwa Kiarabu cha hapa, "Abu Pearl, afta bab," fungua mlango, fungua, nina watoto. Nyaluak naye akawa anamwita Pearl kwa jina.

Sikufungua. Nilijua wakikutwa kwetu tutakufa sote. Pearl akataka kuitika. Nikamziba mdomo kwa kiganja, nikamkandamiza. Aliniuma, alama bado ninayo. Nikamwambia sikioni, "Usiseme neno. Usiseme neno mpaka mimi nikwambie." Waligonga muda mrefu. Halafu wakaacha kugonga, tukasikia wanakimbia, tukasikia bunduki.

Kwenye uwanja wa ndege, kabla Pearl hajapanda na wale akina mama wengine wa Kenya, alinitazama kama anataka kuniuliza kitu. Nikamwambia, "Hata mama usimwambie." Nilikuogopa wewe. Wewe uliyekula kwa Mama Nyaluak ukiwa na mimba.

Sikuwahi kumwambia sasa unaweza kusema. Niliona ni neno tu la wakati ule. Sikujua mtoto anaweza kulishika hivyo.

Wiki iliyopita nilienda kwenye kambi ya waliokimbia, ile iliyo ndani ya uzio wa Umoja wa Mataifa. Nilizunguka siku mbili nikiuliza kwenye mahema. Nikamkuta. Yuko hai, na Nyaluak yuko hai, amerefuka. Mume wake alikamatwa siku ile na hajaonekana. Sikuwa nimepanga maneno. Nikasema, "Mama Nyaluak, siku ile sisi tulikuwa ndani." Akasema, "Najua. Nilikusikia ukimnyamazisha mtoto wako." Akaendelea kufua. Baadaye akasema, "Mwambie Pearl kwamba Nyaluak yupo. Wewe sina la kukwambia."

Nimeweka karatasi nyingine humu, ni ya Pearl. Nimeandika kwamba amri ile imekwisha, kwamba kosa lilikuwa langu si lake, na kwamba Nyaluak yupo. Msomee.

Baba Pearl


Nkubu
8 Juni 2014

Baba Pearl,

Sisi hatujambo. Wewe natumaini hujambo, na nalisema hilo kwa kujilazimisha.

Barua yako niliisomea shambani, nimekaa kwenye tuta. Nilikaa mpaka mama akamtuma mtu kunitafuta. Kwamba hukufungua mlango, sijui ningefanya nini mimi ningekuwa chini ya kile kitanda, na sitajifanya najua. Lakini miezi minne nimembeba mtoto huyu milima na mabonde, nimemdanganya viatu, nimemwahidi baiskeli, nimempiga kofi, karibu nimpoteze mwingine, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwako. Hilo sijui nitalimeza vipi. Siku nzima nimemkasirikia Mama Nyaluak pia, kwa kuwa na moyo wa kutuma salamu.

Karatasi ya Pearl sikumsomea mwenyewe. Niliipeleka kwa Serah. Akasema tumsomee pamoja, lakini tumwambie mapema ni nini, achague siku. Pearl alichagua Alhamisi iliyofuata kwa kuigusa kwenye kalenda.

Nikasoma. Sauti ilinitoka kama ya mtu mwingine. Nilipofika kwenye jina la Nyaluak, Pearl akasimama. Nilipomaliza, aliichukua ile karatasi mikononi mwangu, akaitazama mbele na nyuma, akairudisha. Akaenda kwa Serah, si kwangu, akamshika bega, akamsemea sikioni. Niliona midomo yake ikicheza, Baba Pearl. Niliona, lakini sikusikia. Nilitamani kumwamuru arudie kwa sauti, nikauma ulimi.

Serah akamuuliza, "Naweza kumwambia mama?" Akaitikia kwa kichwa.

Alisema hivi: "Hii ni karatasi. Baba alisema mpaka yeye aniambie."

Hajasema lingine tangu hapo. Nilipendekeza simu, Serah akamuuliza, akakataa. Nadhani umeelewa kinachotakiwa. Sikubembelezi.

Mama Pearl


Gudele, Juba
19 Juni 2014

Mama Pearl,

Salamu kwako, kwa mama na kwa watoto wote wawili. Naandika haraka, Ronald anawasha lori.

Meneja nilimwomba ruhusa ya wiki mbili. Akasema jenereta kubwa inatoa moshi mweusi na hakuna fundi mwingine, nisubiri Agosti. Nikamwambia binti yangu ananisubiri. Akauliza, "Ni mgonjwa?" Nikasema hapana, ananisubiri tu. Akasema basi anaweza kusubiri. Nimemwachia funguo za chumba cha mashine mezani. Labda nitapata kazi nyingine, labda sitapata.

Barua hii itafika siku moja au mbili kabla yangu, mimi napitia Kampala kumpeleka mtoto wa jirani yangu Okumu kwa shangazi yake. Mwambie Pearl nakuja, na umwambie kweli kwamba nakuja kwa ajili ya nini. Usimwahidi kwamba nitamletea kitu.

Muulize Serah kama Alhamisi ninaweza kuingia chumbani pamoja na Pearl, au ningoje nje mpaka Pearl mwenyewe aniite. Akisema ningoje nje, nitangoja. Mwambie pia kwamba sijui nitasemaje. Nimejaribu kila siku nikienda kazini, na kila mara naishia kwenye jina la Pearl.

Baba yake,
Elkana