Methali Yangu Kinywani mwa Doreen

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Kaka ameshaziba lile paa la jikoni, au bado anasema kesho? Mimi mwili mzima, ila moyo umechafuka, na ni bora uyasikie kwangu.

Doreen unamjua kwa kunisikia nikimtaja, yule mshonaji mwenzangu aliyekulia Uganda. Mwaka mzima cherehani zetu zimekaa ubavu kwa ubavu. Kila mchana tulikuwa tukipeana misemo, mimi ya Kiswahili, yeye ya Kiingereza. Ndiye aliyenieleza kwamba Waingereza wakisema inanyesha paka na mbwa, ni mvua kubwa tu, na ukitafsiri msemo neno kwa neno unaharibu. Nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

Jumanne akaja yule mama Mzungu anayenunua mikoba yetu. Bosi alishanichagua niwe msimamizi, ikabaki mgeni aridhike. Kazi hiyo ina nyumba ya vyumba viwili, ndiyo maana nilimwahidi mwanangu Zawadi kwamba shule zikifungwa atakuja tuishi wote.

Mgeni akauliza kama kweli nitaiweza. Nikajibu kwa methali niliyomfundisha Doreen mwenyewe: maji ukishayavulia nguo, huna budi kuyaoga. Anaijua maana yake, aliiandika hata kwenye daftari. Lakini kwa kuwa yeye ndiye mkalimani, akamwambia mgeni kwamba nimeshavua nguo, sasa nataka kuoga. Akaishia hapo, maana yake hakuieleza. Nilimsikia, mama, maana Kiingereza hicho kidogo kanifundisha yeye. Wenzangu wakacheka hadi machozi. Mgeni akamgeukia bosi wakaongea mengine, na Kiingereza changu hakikutosha kujieleza. Alhamisi Doreen akatangazwa msimamizi.

Nilimfuata pale anaposubiri gari la Rubona. Nikamwuliza nimemkosea nini. Akanitazama usoni bila haya.

“Mi nilitafsiri vile ulisema,” akasema, akapanda gari.

Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Nimechukia, sitaficha. Naketi naye siku nzima na salamu yake siitaki.

Nisalimie kaka na wifi yangu, na mama mdogo anayeuza dagaa. Mwambie mimi mzima, mengine umfiche.

Zawadi najua ameshafungasha nguo zake. Nimeanza barua yake mara tatu nikachana. Mwambie wewe, mama.

Mwanao,
Rehema
Gisenyi