Lile Joto la Jioni Ambalo Sikulisema

Mpwa wangu Lusajo,

Kamwene. Baridi ya huku Mafinga sitakusimulia, unaijua. Mwaka wa pili huu tangu urudi kwenu Ubaruku na fimbo yako, na simu zangu hupokei. Sikulaumu. Ndiyo maana nakuandikia, tena mbele ya watu, kwenye grupu la ukoo, maana uongo wangu niliuandika humu humu.

Unakumbuka siku yako ya kwanza kiwandani? Dada yangu, mama yako, alinikabidhi wewe ukiwa na begi moja, akasema nikutunze. Nikakuonyesha namna ya kuweka kata ya nguo begani na kupokea mbao ya mbili kwa sita bila kuipigania. Nikakwambia kwamba enzi zangu nilibeba nguzo ya umeme peke yangu, kutoka bondeni hadi barabarani, na juu yake amekaa msimamizi anavuta sigara. Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye maranda. Leo niseme ukweli: nguzo ile tulibeba watu sita. Lakini msimamizi alikuwepo, na sigara alivuta.

Mgongo ulipokuanza, kiwanda kizima kilifurahi. Ndivyo tulivyozoea: mbebaji akishika kiuno kwa mara ya kwanza anaitwa, anamiminiwa pombe ya ulanzi, anaambiwa karibu kazini, sasa una mgongo wa mbao. Asiyeumwa tunamwona mvivu. Wewe ulanzi uliukataa, nikaunywa mimi kwa niaba yako. Nikakuchua kwa mafuta ya moto, nikajisifu kwamba mikono hii imenyoosha migongo mpaka ya watu wa Makambako.

Lakini mgongo wa mbao, mpwa, hupumzika Jumapili. Mtu akilala, nao unalala. Wa kwako Jumapili haukuijua. Suruali ikaanza kukuvuka, ukaifunga kwa kamba ya katani. Jioni ulikuwa ukitetemeka karibu na moto wa magome, shati limelowa jasho, nami nawaambia wenzetu kwamba huyu ni mtu wa mpunga, baridi yetu hajaizoea.

Nikakupeleka hospitali. Tukiwa kwenye benchi ulinishika mkono.

"Mjomba, usisahau kumwambia na lile joto la jioni. Na jasho."

"Wewe niachie mimi," nikasema.

Tukaingia. Daktari akauliza mgonjwa anasumbuliwa na nini, na kabla hujafungua mdomo mimi nimeshakaa kwenye kiti cha mgonjwa. Wewe ukabaki umeegemea mlango. Kwetu mkubwa ndiye anamsemea mdogo, na mimi kusema ndiyo kazi ninayoiweza, kuishia darasa la tano hakukuninyima hilo. Nikamweleza daktari jinsi lori la magogo lilivyorudi nyuma kwenye mteremko, na wewe ukalizuia kwa mgongo mpaka watu wakapata jiwe la kuweka chini ya tairi. Lori halikuwepo. Mteremko ulikuwepo. Daktari akacheka, nami mtu akishacheka siwezi kukomea hapo. Mwishowe akakugeukia akauliza kama ndivyo ilivyokuwa. Ukanitazama. Ukasema ndiyo, kwa sababu ungemwaibishaje mjomba wako? Akaandika dawa za maumivu na mapumziko. Kwa maneno aliyopewa, hata mimi ningeandika hizo hizo.

Lile joto la jioni tuliliacha kwenye benchi.

Miguu ilipoanza kulegea ndipo tukaenda Mbeya. Wakakupiga picha, wakakuta kifua kikuu kimekaa kwenye pingili za mgongo, kimezila, na uvimbe wake unabana mishipa ya fahamu inayoshuka miguuni. Mimi nilikuwa najua kifua kikuu ni cha kifua tu. Dawa ulimeza miezi mingi, ukainuka, ila mguu wa kushoto haukurudi wote. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikaandika kwenye grupu hili kwamba daktari wa kwanza alikuwa hajui kazi. Uliyasoma maneno hayo. Ndipo ukaacha kupokea simu.

Sasa sikia yaliyonipata. Tangu mavuno nyayo zangu zote mbili zinawaka kama nimekanyaga majivu ya moto. Nikasema ni mgongo wa mbao umeteremka. Mwezi uliopita msumari ukapenya kandambili, ukaingia mguuni, nikatembea nao mpaka jioni bila habari. Kwanza nilijisifu, nikawaita watu waone mguu wa chuma. Nilipokuwa peke yangu nikaogopa.

Daktari niliyemkuta Mbeya ni dada wa umri wako. Alipouliza nasumbuliwa na nini, nguzo ya umeme ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Nikatazama mlango. Hakukuwa na mtu ameuegemea. Nikaimeza. Nikamwambia nyayo zinawaka, zote mbili, msumari sikuuhisi, maji nakunywa kama ng'ombe wa Usangu, na kukojoa hakuishi. Basi. Sijawahi kusema maneno machache hivyo tangu nizaliwe.

Akaniinua mguu ukiwa umenyooka, akauliza kama kuna maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni, maana pingili ikibana mshipa mara nyingi ni mguu mmoja unaolia. Hakuna. Akagonga magoti kwa kinyundo cha mpira. Akaniambia nifumbe macho, akashika kidole gumba cha mguu: kinakwenda juu au chini? Nikajibu kwa sauti ya mtu anayejua. Nilikosa karibu kila mara. Akatoa tone la damu, akapima. Sukari. Mbao haimo kabisa, mpwa. Ni sukari imekula mishipa ya fahamu ya miguu, taratibu, huku mimi naonyesha watu msumari.

Nikamuuliza amejuaje haraka hivyo.

"Nusu umenipa wewe mwenyewe, baba," akasema. "Kipimo nakichagua kwa maneno ya mgonjwa."

Nilitoka nikakaa kwenye benchi mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nina ndugu wa kunichukua.

Kwa hiyo ukoo wote msome. Daktari wa kwanza hakushindwa kazi. Lusajo alijua kinachomsumbua, akanituma nikaseme, na mimi nikasema lori.

Mama yako ameniambia mwezi ujao unarudi Mbeya kuangaliwa mguu. Ukiniruhusu, nitakuja. Ndani sitaingia. Nitakaa kwenye benchi na begi lako, wewe uingie useme mwenyewe, kirefu, kama unavyotaka. Kunyamaza kwangu mimi ni kuzito kuliko nguzo ya umeme, lakini nguzo hiyo nitaibeba, na safari hii peke yangu.

Ni mimi mjomba wako,
niliyekalia kiti chako.