Nimemwibia Mwenzangu Kasi ya Kompyuta

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa, kwani siku hiyo mtu asiye na hatia ataondolewa kwenye meza yake kwa kosa langu.

Mimi ni mhitimu wa chuo kikuu, tena wa daraja la kwanza, jambo ninalolitaja si kwa majivuno bali ili uelewe chanzo cha maradhi yangu, na nimeajiriwa katika ofisi ndogo ya kuchora ramani za nyumba, ambamo tuko wachoraji wawili tu, mimi na kaka mmoja tunayemwita Penseli, ambaye chuo hakukanyaga na kazi aliijulia kwa kuwashikia wakubwa zake karatasi. Tulipewa kompyuta za mezani zinazofanana, kuukuu, nzito kiasi kwamba ukifungua ramani waweza kwenda kunawa mikono ukarudi na bado inawaza. Penseli akaomba ruhusa, akaingia stoo, akafungua kompyuta mbovu iliyotupwa humo, akatoa kichakataji, yaani ile prosesa ambayo ndiyo akili ya mashine, kilichokuwa cha jamii moja na vyetu lakini chenye kasi zaidi, akakipachika katika yake, na tangu siku hiyo ramani zake zikawa zinafunguka kabla hajavuta kiti.

Mkurugenzi wetu, mama mwenye sauti ya kuvuka ukuta, akasimama nyuma yake akaangua kicheko: "Haya, msomi, umeona? Jifunze kwa kaka yako. Digrii haifungui ramani!" Wote wakacheka, nami nikacheka, lakini kuanzia hapo nikawa nasikiliza hata feni ya mashine yake, nikiuchukia utulivu wake.

Alhamisi moja, wenzangu walipokwenda kula, nilichukua bisibisi, nikafungua makasha yote mawili, nikahamishia kichakataji chake kwangu na changu kwake, na kwa kuwa napenda kazi safi nikafuta kwa leso utando wa kijivu uliokuwa juu ya vyote viwili, nikidhani ni uchafu wa miaka. Jioni ileile mashine zote mbili zikaanza kujizima. Niliposoma ndipo nikagundua kwamba "uchafu" ule ni dawa ya kupitisha joto kutoka kwenye kichakataji hadi kwenye chuma cha kupozea, na kwamba bila hiyo mashine hujizima ili isiungue. Kesho yake nikanunua dawa, nikapaka yangu, na yake, naandika haya kwa aibu kubwa, nikaiacha vilevile.

Sasa ni wiki ya tatu. Mashine ya Penseli haifikishi dakika ishirini bila kuzimika, na Mama amempiga marufuku kuifungua: "Ulipewa mashine nzima ukaichokonoa! Bisibisi isiiguse tena." Ameamua kwamba Ijumaa Penseli ahamie kwenye mashine ya kudurufu, nami nikabidhiwe ramani zote, pamoja na ya zahanati aliyoianza yeye. Juzi aliniinamia mezani akasema, "Msomi, wewe bwana umesoma, hebu nitazamie. Labda hii prosesa yangu ya kuokoteza imechoka." Nikamjibu kwamba nimebanwa na kazi. "Haina neno, ndugu yangu," akasema, akarudi kuchora kwa mkono kwenye karatasi, ili kompyuta ikiwaka aingize vipimo upesi kabla haijazima. Na kinachonitia wazimu, mshauri, ni kwamba hata hivyo wiki hii amemaliza kabla yangu.

Je, nikisema ukweli sitafukuzwa? Au yatosha nimpakie dawa kwa siri, mashine yake itulie, kichakataji kikabaki kwangu na yakaisha?

Mhitimu Mwenye Fadhaa

*

Mhitimu, pole. Kijicho kinauma, na kuchekwa mbele ya wenzako kunauma zaidi; Mama huyo naye angeweza kumsifu mmoja bila kumdhalilisha mwingine. Pole yako ni hiyo moja, usitafute ya pili.

Barua yako imepangika vizuri kuliko mwenendo wako. Umeniuliza kama utafukuzwa. Hukuuliza Penseli atarudi nyumbani na uso gani hiyo Ijumaa. Kuhamisha kichakataji kulikuwa wivu wa saa moja, hilo naweza kulielewa. Lakini kupaka dawa yako, ukamtazama mwenzako akihangaika wiki tatu, ukamwambia umebanwa! Hapo hukupitiwa, mwanangu. Hapo ulichagua.

Na nikuambie usilotaka kulisikia. Umemnyang'anya prosesa, umemwachia mashine gonjwa, na bado amekutangulia. Basi ulichokuwa unakionea kijicho hakikuwamo ndani ya lile kasha. Mwenzako anajua anachotaka kuchora kabla hajawasha chochote. Hilo hufundishika, ila kwa anayeomba kufundishwa.

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Haya yako yanazoleka, mradi uiname leo. Usipake chochote kwa siri. Mwite Penseli pembeni kabla hajakaa, umwambie yeye kwanza, kwa maneno mafupi: "Ni mimi." Usiseme kulitokea hitilafu. Kisha ingieni wote wawili kwa Mama, urudie mbele yake, na uombe marufuku ile iondolewe. Huenda ukafukuzwa, sikufichi. Ukifukuzwa utaondoka na kosa lako mwenyewe. Ukinyamaza, Ijumaa utakalia kiti cha mtu.

Penseli akikasirika, mwache akasirike mpaka amalize. Na akisema prosesa yake atairudisha kwa mkono wake, mpe bisibisi, mpe dawa, mshikie tochi, na usimfundishe kitu.