Kidole cha Sakina

Mama yangu,

Shikamoo. Miguu imeacha kuvimba? Na bibi bado anaficha dawa chini ya mto? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila moyo hautulii, na sababu nakueleza wewe tu.

Huku Rwanda, kwenye karakana ya ushonaji ya Biryogo, mahudhurio ni kwa mashine. Ukifika unaweka kidole, kioo kinaandika jina lako. Siku waliyotaka kuniandikisha ikakataa: kidole hiki kina mwenyewe, Sakina.

Wenzangu walicheka, kisha wakaitazama cherehani yangu. Sakina ndiye fundi aliyeniachia cherehani. Alifariki kabla sijavuka mpaka, na sijamwona hata kwa picha! Wakasema vidole vya washonaji husuguliwa na sindano mpaka vikafanana. Haya, nikajaribu vyote kumi. Kila kimoja: Karibu Sakina.

Basi kila asubuhi Sakina anahudhuria, mimi Rehema mtoro. Bosi akasema nisiporekebisha kufikia Ijumaa nifungashe virago. Claudine, Mrundi ninayekaa naye meza moja, akaanza kuniita Sakina. Utani tu, alidai.

Nikaenda kwa Mutesi, dada anayetunza taarifa zetu ofisini, nikaomba kidole cha Sakina kifutwe. Akanieleza kwamba sheria ya taarifa binafsi inamlinda yeyote aliye Rwanda, hata mgeni wa Kigoma kama mimi, na mwajiri hana ruhusa ya kukaa na kidole cha mtu bila msingi: ridhaa yake, mkataba, au sheria iwe imeamuru.

"Sakina alikubali, akasaini," akasema kwa Kiswahili cha huku. "Kufuta, aombe mwenyewe, ao mrithi aliyemwandika kwa wosia."

"Dada, si amekufa!"

"Wosia iko wapi?"

Hakuacha wosia. Mutesi akanisogezea mashine. "Weka kidole, tuone nani iko anaomba."

Nikaweka. Karibu Sakina.

"Basi," akasema bila kunitazama, "mwenyewe ameomba."

Karatasi ikatoka: Sakina, ombi lako limetekelezwa. Nikaambiwa nisaini. Nikasaini jina lake, mama, na mwandiko haukuwa wangu. Mutesi aliulinganisha na fomu ya zamani ya Sakina, akafunga faili haraka.

Kesho yake wakaniandikisha upya. Karibu Rehema! Nilipiga vigelegele peke yangu kama mwehu. Kazi imepona. Nikakaa, nikatia uzi.

Claudine akaita, "Sakina, nipe mkasi."

"Huu hapa," nikasema. Nikampa. Mkono ulikuwa umeshanyooka ndipo nikajisikia nimeitika. Tangu siku hiyo mtu akisema Rehema, nageuka kuangalia anaitwa nani. Naogopa, mama. Mashine imemsahau yule marehemu, mimi ndiye sijui nimebaki wapi.

Nisalimie bibi, na shangazi aliyenifundisha kushona, na mjomba wa dukani umwambie viatu vyake nimevipata, namba arobaini na mbili kama alivyotaka. Kaka asiambiwe kitu, atapanda basi la kwanza kunifuata.

Ukishasomewa barua hii nipigie. Usinisalimie kwanza. Niite jina ulilonipa, ulirudie, na nisipoitika usikate simu.

Mwanao uliyemzaa mwenyewe,
Rehema