Injini Iliyokataa Kugeuka

Jumatatu, 3 Juni

Mwanangu,

Mdogo wako amemvunja taya mtu aliyetuuzia injini ya boti. Limening'inia kama mlango uliong'oka bawaba. Hujambo lakini? Kifua kimepona? Sisi wazima, ukiacha majeraha.

Injini ni ya mtumba, ila ukiiona utadhani imeshuka leo kutoka kiwandani. Niliisugua mwenyewe, nikaipaka rangi ya buluu mara tatu, kila mahali, hadi kwenye vitundu. Majirani walikuja kuitazama. Nitajie mama mwingine hapa mwenye injini.

Kuwaka inawaka kwa mvuto mmoja. Shingo ndiyo imekakamaa. Mkono wa usukani hauendi kushoto wala kulia, hata wanaume wawili wakiuning'inia. Boti ikaenda moja kwa moja hadi kwenye nguzo za gati, mdogo wako akapasuka paji la uso. Akainuka na damu yake, akaenda kwa Kipara, ndivyo tunavyomwita huyo muuzaji, akamwita tapeli na kumpiga kasia la uso. Jioni wanawe watatu wakavunja mlango wetu, wakamng'oa mdogo wako meno mawili. Yule wa katikati nilimpasua sikio kwa mwiko. Nguvu bado ninazo, mtu asikudanganye.

Wewe ni fundi wa meli, na hapa hakuna asiyejua, maana nimewaambia wote. Nieleze tuifungueje. Mdogo wako anataka kuigonga kwa nyundo, halafu akammalizie Kipara.

Mama yako

Alhamisi, 13 Juni

Shikamoo mama,

Poleni sana. Kifua kimetulia. Nyundo ifiche, mwili wa injini hiyo ukigongwa utapasuka kama sahani.

Siku Kipara anaileta, ilikuwa inageuka? Nauliza kwa sababu ya hiyo rangi. Shingoni kuna kitundu cha kupitishia grisi. Kikizibwa, na rangi ikiingia kwenye maungio, shingo hugandana.

Legezeni kwanza skrubu inayobana usukani. Kwangueni rangi yote hapo, mzibue kitundu, mtie mafuta mepesi juu na chini. Ifungeni vitambaa vya maji ya moto. Moto wenyewe msiusogeze, petroli iko jirani. Kisha sukumeni grisi mpya mpaka ya zamani itoke, huku mkiiyumbisha taratibu.

Ikigeuka, mama, Kipara hakututapeli. Mdogo wangu asitoke nje mpaka mjue.

Binti yako

Jumapili, 23 Juni

Mwanangu,

Inageuka. Kwa kidole kimoja. Salamu zako zimefika na mikono yako nimeiona, ingawa uko mbali.

Rangi ilitoka kwenye maungio kama utepe, nyuma yake grisi kavu kama nta. Na ndiyo, siku ile ilikuwa inageuka. Nilikumbuka nilipouona huo utepe.

Bado tunafuta mikono, Kipara akatokea na wanawe, taya limefungwa kitambaa, wao wameshika nondo. Akausogelea usukani, akaugeuza huku, akaugeuza kule. Kisha akamtazama mdogo wako, na mdogo wako akatazama chini.

Mwanawe mkubwa akasema, "Taya lilipwe kwa taya."

Nikasimama katikati. Nikawaambia aliyeshika brashi ni mimi, wapige langu.

"Hatupigi mama za watu," akasema, na yule wa katikati ameshika sikio lake.

Mdogo wako akanisogeza pembeni, akasema atasimama mwenyewe. Basi nikavutana nao kama niko sokoni: kutoka watu watatu hadi mmoja, kutoka nondo hadi ngumi. Ngumi moja, ya huyo mkubwa, mbele ya watu wote, kisha yaishe. Ungeuona mkono wake! Ni kama tofali.

Mdogo wako hataanguka. Nimewaambia majirani hivyo, maana namjua, nimemzaa mimi. Lakini wewe njoo. Usimame kulia kwake, mimi kushoto, tuwe karibu tu.

Ni Jumamosi, tarehe 6 Julai, saa nne asubuhi, gatini. Wote watakuja.

Mama yako